Mwongozo kamili: jinsi ya kupima stresi na namna watu wanavyokabiliana nayo bila kuharibu data yako

Kila msimu wa disetesheni ukifika napokea swali lile lile limebadilishwa nguo tu: "nimejumlisha maswali yote 28 ya Brief COPE, wastani wa watu wangu ni 70, sasa hiyo ni nzuri au mbaya?" Brief COPE ni dodoso la namna mtu anavyokabiliana na stresi, na jibu ni kwamba hiyo 70 haina maana yoyote, na sio kosa la wahojiwa wako. Wengine PSS, dodoso la kiwango cha stresi, inawatolea alfa ya negativu (alfa ni namba inayoonyesha maswali yanashikamana kiasi gani), wengine wanagundua eti anayepanga mambo yake vizuri ndo ana stresi zaidi, wanaenda kwa supavaiza wanarudishwa. Makosa ni yale yale, kwa hiyo nayaandika hapa yote kwa mpangilio, hatua kwa hatua.

Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni utafiti kwa madereva bodaboda wa Dar es Salaam wenye pikipiki za mkataba, yaani wale wanaompelekea bosi hesabu kila wiki mpaka deni liishe na pikipiki iwe yao. Wewe unaweza kuweka manesi, walimu, mama lishe, wanafunzi wa fomu six, yeyote. Hatua hazibadiliki.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- PSS-10 ya Sheldon Cohen na wenzake. Maswali 10 kuhusu mwezi mmoja uliopita, majibu yanaanzia 0 (sijawahi kabisa) hadi 4 (mara nyingi sana). Hii inapima stresi.
- Brief COPE ya Charles Carver ya mwaka 1997. Sentensi 28, majibu 1 (sijafanya hivi kabisa) hadi 4 (nimefanya hivi sana). Hii inapima mtu anafanya nini akiwa na stresi. Carver ameiacha wazi watu waitumie.
- Watu wa tafsiri wasiopungua wanne, wawili wa kupeleka Kiswahili na wawili wa kurudisha Kiingereza. Hao wa kurudisha wasiwe wameona dodoso la asili.
- Simu yenye KoboCollect (app ya kukusanyia data), au karatasi zilizochapwa na kalamu za kutosha.
- Excel inatosha kwa kuhesabu alama. SPSS au R (programu za takwimu) kwa mengine.
- Barua na vibali (hatua ya 2).
- Jina la afisa ustawi wa jamii au kliniki ya afya ya akili iliyo karibu, umeshaongea nao kabla. Hiki watu hukisahau na ndo cha hatari kuliko vyote.

## Hatua ya 1: Amua unapima nini hasa

Kuna vitu vitatu ambavyo watu wanavichanganya kwenye chungu kimoja. Cha kwanza ni kile kinacholeta stresi: hesabu ya bosi, trafiki, mvua, ajali, mtoto anaumwa. Cha pili ni stresi yenyewe, yaani mtu anavyohisi maisha yamemzidi na hayashikiki. Cha tatu ni anachofanya kuhusu hali hiyo.

PSS-10 inapima cha pili tu. Haiulizi deni ni shilingi ngapi, inaulizia hisia ya kuzidiwa. Brief COPE inapima cha tatu tu. Cha kwanza hakipimwi na dodoso lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo kama unakitaka itabidi uandike maswali yako mwenyewe: una mkataba au pikipiki ni yako, hesabu ya wiki ni kiasi gani, imebaki miezi mingapi, umepata ajali mwaka huu au la.

Na kitu kingine. Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman, ambao ndo kila mtu anawataja kwenye sura ya pili, walisema kukabiliana na stresi ni *juhudi* ya mtu, haijalishi imefanikiwa au imegonga mwamba. Kwa hiyo Brief COPE inakuambia dereva amejaribu nini. Haikuambii kama kimemsaidia. Ukiandika "asilimia kadhaa wanakabiliana vizuri na stresi" kwa kutumia Brief COPE peke yake umeshatoka nje ya barabara, mkaguzi makini atakukamata ukurasa huo huo.

Afu amua: unauliza kuhusu tatizo moja maalum au tabia ya mtu kwa ujumla? Brief COPE inakubali zote mbili ila maelekezo ya juu na nyakati za vitenzi vinabadilika. Kwa tatizo maalum: "Fikiria wiki ambayo hesabu ya bosi haikutimia. Tangu hapo umekuwa ukifanya yafuatayo kiasi gani?" Kwa tabia ya jumla: "Ukipata stresi, huwa unafanya yafuatayo kiasi gani?" Mimi nakushauri tatizo maalum, kwa sababu mtu yule yule akifiwa anafanya vingine na akidaiwa anafanya vingine, ukimuuliza kwa ujumla anakupa jibu la katikati lisilo la siku yoyote.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja bila kusita: "Nataka kujua madereva wa mkataba wanafanya nini hesabu ikipungua, na stresi yao ya mwezi uliopita iko kiwango gani."

## Hatua ya 2: Vibali, na mpango wa mtu atakayelia

Tanzania unaanza na barua ya chuo pamoja na kibali cha maadili cha chuo chako au NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), inategemea utafiti wako na chuo chako wanataka nini, uliza mapema. Afu barua zinashuka chini: halmashauri, mtendaji wa kata, serikali ya mtaa, na mwisho mwenyekiti wa kijiwe. Huyu wa mwisho hana muhuri ila bila yeye hupati mtu hata mmoja. Kenya huwezi kukwepa leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu tafiti.

Sasa suala la mtu atakayelia. PSS-10 haiulizi habari za kujiua na Brief COPE pia haiulizi, lakini ukimkalisha mtu ukamuuliza mara ngapi amehisi matatizo yamerundikana mpaka hawezi kuyamaliza, wengine watafunguka. Utasikia "bora nife tu nipumzike." Hapo dodoso linawekwa pembeni. Unamsikiliza, unamuuliza wazi kama anafikiria kujidhuru (kuuliza hakumpandikizii wazo hilo), humuachi peke yake kama amesema ndiyo, na unampigia yule mtu wa ustawi au kliniki uliyeongea naye kabla. Andika utaratibu huu kwenye pendekezo lako la utafiti, kamati ya maadili wanautafuta.

Onyo: usiahidi ushauri nasaha kama huna uwezo wa kuutoa. Wewe ni mkusanyaji data, kazi yako ni kumfikisha kwa anayehusika.

## Hatua ya 3: Tafsiri kwa akili

Usichukue Kiswahili ulichokikuta kwenye kiambatisho cha disetesheni ya mtu mwingine bila kujua kilitafsiriwaje. Nyingi zimetafsiriwa na mtu mmoja usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, na inaonekana.

Utaratibu: watu wawili wanatafsiri kila mmoja kivyake, mnakaa mnaunganisha, wawili wengine wanarudisha Kiingereza bila kuona asili, afu mnalinganisha Kiingereza cha kwanza na hiki kilichorudi. Pale maana ilipohama ndo mnarekebisha. Sio neno, maana.

Sehemu zinazoleta shida nazijua kwa moyo:

*Sentensi ya 4 na ya 11, za pombe na dawa za kulevya.* Ukiandika "nimetumia pombe au dawa ili nijisikie nafuu" dereva aliyemeza panadol jana kwa sababu ya mgongo atajibu ndiyo. Taja wazi: pombe, bangi, mirungi, au kitu kingine cha kulevya.

*Sentensi ya 22 na ya 27, za dini.* Kwenye dodoso la asili ya 27 inataja kusali na kutafakari kwa pamoja. Ukiandika "nimekuwa nikisali" tu, Muislamu anaweza kujibu kuhusu swala tano ambazo angeswali hata kama hana tatizo lolote. Iandike hivi: "nimekuwa nikisali, nikiomba dua au kutafakari *kwa sababu ya jambo hili*". Yale maneno matano ya mwisho yanakuokoa.

*Sentensi za kukubali hali, ya 20 na ya 24.* Kukubali kwamba jambo limetokea na kujifunza kuishi nalo ni tofauti na kukata tamaa. Kukata tamaa kuna sentensi zake, ya 6 na ya 16. Kama Kiswahili chako kinafanya hizi nne zisikike sawa, rudi mezani.

*Majibu yenyewe.* "Kidogo", "kiasi", "sana" yanaeleweka. "Kwa kiwango cha wastani" hakuna mtu anaongea hivyo kijiweni.

Utajua umefaulu ukimsomea mtu wa darasa la saba sentensi zote na hakuna hata moja anayokuomba urudie.

## Hatua ya 4: Jaribu kwa watu wachache kwanza

Tafuta kijiwe ambacho hakitakuwa kwenye utafiti wako, chukua watu kama 15 hivi. Usiwape tu wajaze ukasepa. Baada ya kila swali gumu uliza: "hapa umeelewa naulizia nini?" na "kwa nini umesema *kiasi* na sio *sana*?" Majibu yatakushangaza.

Angalia hasa maswali ya 4, 5, 7 na 8 ya PSS-10. Haya ni maswali chanya, yanauliza mara ngapi umejiamini kwamba unaweza kutatua matatizo yako, mara ngapi umehisi mambo yanaenda unavyotaka, na kadhalika. Mengine sita yote ni hasi. Mtu aliyezoea kujibu "mara nyingi, mara nyingi, mara nyingi" anapitiliza bila kugundua swali limegeuka. Dawa yake ni kusimama kidogo kabla ya swali la 4 na kusema "sasa nauliza upande mzuri", ukifika la 6 unasema "tunarudi upande wa shida", hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukiamua hivyo basi iwe kwa wahojiwa wote na wasaidizi wako wote, na uandike kwenye sura ya mbinu.

Pima na muda pia. Dodoso zote mbili pamoja na maswali yako ya utangulizi zikizidi nusu saa, punguza maswali yako. Ya PSS usiyaguse.

## Hatua ya 5: Kukusanya data mtaani

Kwanza idadi. Wengi mnatumia fomula ya Yamane, inayokupa idadi ya wahojiwa kutoka kwenye jumla ya watu wote, sawa. Kama orodha za vijiwe vya kata yako zina madereva 400, na kosa ni 0.05, unapata 400 gawanya kwa (1 + 400 × 0.0025), yaani 400 gawanya kwa 2, wahojiwa 200. Ila chagua kutoka kwenye orodha ya mwenyekiti kwa kura au namba za bahati nasibu, usichukue wale waliokuwepo tu. Waliokuwepo saa tano asubuhi ni wale ambao hawana abiria, na asiye na abiria ana stresi yake tofauti na ya mwenzie aliye barabarani.

Muda mzuri ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, asubuhi na jioni ni za abiria, usiwapotezee watu hela.

Sasa picha yenyewe ilivyo: dereva amekaa upande upande kwenye siti ya pikipiki, ufunguo uko mkononi anauchezea, wenzake watatu wako nusu mita kutoka hapo wanasikiliza kila kitu huku wanajifanya wanaangalia simu. Umefika sentensi ya 11, ya kilevi. Anacheka, anaangalia wenzake, anasema "sijawahi bana", wenzake wanapasuka kicheko. Hilo jibu ni takataka, na hata lingekuwa kweli hutajua. Kwa hiyo mtoe kijiweni. Sogea naye hatua thelathini mpaka kwenye kibaraza au chini ya mti, muweke mgongo kwa wenzake. Maswali yanayoaibisha (kilevi, kujilaumu, kukata tamaa) mpe simu abonyeze mwenyewe. Asiyesoma vizuri msomee, ila jibu aonyeshe kwa kidole.

Kwa ajili ya kuonyesha kidole tengeneza kadi ngumu yenye duara nne: tupu, iliyojazwa robo, nusu, na iliyojaa. Ya PSS tengeneza kadi yake ya duara tano, usitumie moja kwa zote mbili maana moja ina majibu manne na nyingine matano.

Akija abiria katikati ya mahojiano mwache aende. Andika ameishia swali la ngapi, akirudi siku hiyo hiyo mnaendelea, asiporudi hilo ni dodoso pungufu na utalihesabu hivyo. Usimjazie. Najua wasaidizi wa utafiti wanaojaza madodoso wenyewe gesti, na kwa bahati mbaya kwao inaonekana kwenye data: majibu yananyooka kama rula, 3 3 3 3 3, hata yale maswali yaliyogeuzwa.

## Hatua ya 6: Hesabu alama za PSS-10

Hapa ndo wengi wanaanguka, na ni dakika tano tu za kazi.

Maswali ya 4, 5, 7 na 8 yanageuzwa kabla ya kujumlisha. 0 inakuwa 4, 1 inakuwa 3, 2 inabaki 2, 3 inakuwa 1, 4 inakuwa 0. Kwenye Excel, kama swali la 4 liko safu ya E, andika =4-E2 kwenye safu mpya na uburute chini. Usiandike =5-E2. Hiyo tano inatokana na mazoea ya skeli za 1 hadi 5, hapa skeli inaanzia sifuri.

Tuone mtu mmoja. Dereva amejibu hivi, swali la 1 hadi la 10: 3, 3, 4, 1, 1, 3, 2, 1, 3, 3. Ukijumlisha bila kugeuza unapata 24. Ukigeuza yale manne (1 inakuwa 3, 1 inakuwa 3, 2 inabaki 2, 1 inakuwa 3) unapata 30. Pointi sita zimepotea kwa mtu mmoja tu, na ukilinganisha na mtu ambaye mambo yake yanaenda ni mbaya zaidi, kwa sababu yeye kosa hilo hilo linampandisha wakati huyu linamshusha, mwisho watu wote wanasogea katikati na utafiti wako unaonyesha kwamba hakuna tofauti yoyote duniani.

Jumla inakuwa kati ya 0 na 40. Utakutana na mgawanyo wa 0–13 stresi ndogo, 14–26 ya kati, 27–40 kubwa. Umeenea kila mahali lakini PSS haikutengenezwa kuwa kipimo cha kumwambia mtu ana ugonjwa au hana. Ni ya kulinganisha: kundi na kundi, au kabla na baada. Supavaiza akikulazimisha uweke makundi weka, ila usiandike "wamegundulika kuwa na stresi kali" kana kwamba umewapima malaria.

Hifadhi data ghafi. Safu zilizogeuzwa ziwe mpya, zile za asili usiziguse. Ukigeuza mara mbili kwa bahati mbaya umerudi ulikotoka na hutajua.

## Hatua ya 7: Hesabu alama za Brief COPE

Hakuna jumla kuu. Narudia kwa sababu ndo swali lenyewe: hakuna jumla kuu. Sentensi 28 zimegawanyika kwenye njia 14, kila njia ina sentensi mbili, unajumlisha mbili mbili basi. Kila njia inatoa alama kati ya 2 na 8. Hakuna cha kugeuza.

Mgawanyo huu hapa, namba ni za sentensi kwenye dodoso la Carver (kama ulibadilisha mpangilio wakati wa kutafsiri zitakuwa tofauti, kwa hiyo usibadilishe):

- Kujisahaulisha kwa shughuli nyingine: 1 na 19
- Kuchukua hatua: 2 na 7
- Kukataa kwamba limetokea: 3 na 8
- Pombe na vilevi: 4 na 11
- Kutafuta faraja kwa watu: 5 na 15
- Kutafuta ushauri na msaada wa vitendo: 10 na 23
- Kukata tamaa na kuacha kujaribu: 6 na 16
- Kutoa ya moyoni: 9 na 21
- Kuliangalia kwa upande mzuri: 12 na 17
- Kupanga mikakati: 14 na 25
- Utani: 18 na 28
- Kukubali hali: 20 na 24
- Dini: 22 na 27
- Kujilaumu: 13 na 26

Kwa nini usijumlishe zote? Chukua madereva wawili wenye 70 kila mmoja. Wa kwanza ana 8 kwenye kupanga, kuchukua hatua na kuomba ushauri, ana 2 kwenye vilevi. Wa pili ana 8 kwenye vilevi, kujilaumu na kukata tamaa, ana 2 kwenye kupanga. Excel yako inasema ni mapacha. Mmoja anamaliza mkataba, mwingine unaweza kumkuta wodini.

Kuna wanaogawanya njia 14 kwenye makundi matatu: za kutatua tatizo, za kutuliza hisia, na za kukwepa. Carver mwenyewe hakutoa makundi hayo kama kanuni ya kuhesabia, ushauri wake ni uangalie njia moja moja, au ufanye uchambuzi wa fakta (factor analysis) kwenye data yako mwenyewe uone zipi zinakwenda pamoja. Ukitaka makundi fanya hivyo, ila kwa wahojiwa 60 usijaribu. Na kuwa makini na "utani" na "kujisahaulisha", zinahamahama kundi kutoka utafiti mmoja hadi mwingine. Kijiweni utani ndo lugha ya kila kitu, hata ya msiba.

Mtu akiruka sentensi moja kati ya mbili, njia hiyo iache wazi kwa mtu huyo. Usimuwekee wastani, utakuwa umebuni nusu ya jibu lake.

## Hatua ya 8: Angalia kama kipimo kimeshikamana

PSS-10: piga alfa ya Cronbach kwa maswali 10 *baada ya kugeuza*. 0.7 na kuendelea ni salama. Ikitoka chini sana au negativu, usianze kulaumu wahojiwa, rudi hatua ya 6, mara nyingi kuna swali hujageuza.

Brief COPE: alfa ya sentensi zote 28 haina kazi, iache. Kwa njia zenye sentensi mbili tumia Spearman-Brown: chukua uhusiano kati ya sentensi mbili, r, afu hesabu 2r gawanya kwa (1 + r). Kama r ni 0.5 unapata 0.67. Zingine zitatoka chini kabisa na hapo andika wazi kwamba njia fulani haikushikamana kwa kundi hili, na usijenge hitimisho juu yake. Sentensi mbili ni chache, ndo bei ya dodoso kuwa fupi.

## Hatua ya 9: Soma matokeo bila kujidanganya

Anayepanga sana ana stresi zaidi? Utaliona hili na utashtuka. Umepima vyote siku moja, kwa hiyo hujui kilichotangulia. Dereva ambaye hadaiwi hana cha kupanga, hivyo ana 2 kwenye kupanga na PSS ndogo. Anayedaiwa anapanga usiku kucha. Matatizo yake ndo yanaleta vyote viwili. Ukiandika "kupanga kunasababisha stresi" umemwambia mtu kwamba mwamvuli ndo unaleta mvua. Angalau linganisha watu wenye hali inayofanana, wa mkataba kwa wa mkataba, waliobakiza miezi sawa kwa waliobakiza miezi sawa, hapo yale maswali yako ya hatua ya 1 yanalipa.

Dini haihusiani na stresi? Hii nayo ni ya kwetu hasa. Karibu kila mtu atakuwa na 7 au 8. Watu wote wakiwa na alama moja hakuna tofauti ya kulinganisha, uhusiano utatoka karibu na sifuri hata kama maombi yanamsaidia kila mmoja wao. Kwa hiyo usiandike dini haisaidii. Andika kwamba kipimo kimegonga dari, na kama swali hilo ni muhimu kwako ongeza mahojiano ya kina na watu wachache uwaulize wanafanyaje: anaenda kwa mchungaji, anafanya dhikri, anafunga, au anasema tu Mungu yupo na kulala.

Vilevi viko chini sana? Angalia ulivyokusanya kabla hujawasifia. Linganisha waliojibonyezea wenyewe na waliosomewa. Ikiwa tofauti ni kubwa, jibu unalo.

Njia gani ni nzuri? Hakuna nzuri kwa kila kitu. Kwenye jambo ambalo mtu ana uwezo nalo, kama kuomba bosi asogeze siku ya hesabu, kuchukua hatua kuna maana. Kwenye jambo asilo na uwezo nalo, kama kufiwa, kupanga mikakati hakurudishi mtu, hapo kukubali na kukaa na watu kunabeba zaidi. Ndo maana nilikwambia mwanzo uchague tatizo moja: ukijua tatizo ni lipi unaweza kusema njia fulani ililifaa au haikulifaa.

## Hatua ya 10: Jedwali na mrejesho

Kwenye sura ya nne weka jedwali moja lenye mistari 14, kila njia na wastani wake kati ya 2 na 8, mtawanyiko wake, na uhusiano wake na PSS-10. Unapima uhusiano mara 14, kwa hiyo mmoja unaweza kutoka na p chini ya 0.05 (mpaka ambao watu huutumia kusema matokeo si ya bahati) kwa bahati tu, usiukimbilie huo huo na kuujengea mapendekezo. Angalia ukubwa wa uhusiano kwanza.

Afu rudi kijiweni. Karatasi moja, Kiswahili cha kawaida, bila namba ya mtu yeyote na bila jina la kijiwe kama kata ina vijiwe vichache, maana watajuana. Mwenyekiti mpe nakala. Watakuuliza "sasa hii inatusaidia nini", na kama kwenye data yako waliotafuta ushauri kwa wenzao walikuwa wachache kuliko waliojilaumu, waambie hilo moja kwa moja, wao wenyewe wataanza kubishana kuhusu mfuko wa kijiwe na nani alikopa hakurudisha.